Saratani Turkana: Kutapika kunakoanza baada ya safari

Kwa mgonjwa wa saratani kutoka Kakuma, taabu ya tibakemikali huenda ikamfika akiwa amekwisha kurejea nyumbani. Baadhi ya dawa, kama sisplatini, huendelea kumtapisha mgonjwa siku kadhaa baada ya matibabu. Lodwar iko takriban kilomita 120 kutoka Kakuma. Eldoret, penye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ni mbali zaidi. Katika joto la Turkana, anayetapika huishiwa maji upesi, na aweza kuiacha tiba.

Deksamethasoni, steroidi ya bei nafuu iliyopata umaarufu wakati wa janga la korona mwaka 2020, huzuia kutapika huko. Ila hupandisha sukari mwilini. Wenye kisukari wahitaji uangalizi. Basi mgonjwa asiruhusiwe kuondoka bila vidonge na maelezo kwa lugha anayoielewa.