Kupandisha vCenter si Kazi ya Ijumaa Jioni

Nimekuwa kimya kwa sababu ya majukumu, lakini kuna jambo linanikera na leo lazima nilitoe.

Kazi yangu hapa Kilifi ni kuandika programu. Programu hizo zinaishi ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta nyingi ndani ya seva moja. Kwa wanaotumia VMware, ESXi ndiyo inayozibeba mashine hizo, na vCenter ndiyo inayoziongoza: hii ihamie seva ile, ile iongezewe kumbukumbu.

Kuna ofisi moja hapa pwani, jina nalihifadhi, niliyowahi kuifanyia kazi. Walikuwa na vCenter 6.7. Kila tukigusia kupandisha toleo, mkubwa wetu alijibu, "Kijana wangu, kitu chafanya kazi, wakichokora nini?" Tarehe 15 Oktoba 2022 VMware wakaacha kulihudumia toleo hilo kwa kawaida. Hakushtuka. Wakaguzi walipomuuliza ndipo amri ikatoka: Ijumaa hii hii jioni, Jumatatu tuwe kwenye 7.

Tukapandisha. Kila kitu kikawa kijani, tukapongezana, tukaenda zetu kula viazi karai. Kumbe programu yetu ya nakala rudufu ilikuwa ya zamani, haielewani na vCenter mpya! Siku tisa hakuna nakala iliyochukuliwa wala mtu aliyeangalia. Siku ya kumi hifadhidata ikaharibika. Makarani walikaa wiki nzima wakiingiza upya kumbukumbu za wananchi kutoka kwenye karatasi. Nani alilaumiwa? Fundi wa zamu.

Nami nasema kosa lilikuwa la aliyekataa kupanga.

Wakubwa wanaogopa kuwa mfumo utazimika. Si kweli. vCenter ikiwa chini, mashine pepe zinaendelea kufanya kazi. Kinachosimama ni usimamizi. Cha kuogopa ni kuchelewa. Mashambulizi ya ESXiArgs ya Februari 2023 yalifunga maelfu ya seva za ESXi duniani kwa kupitia tundu ambalo kiraka chake kilitolewa Februari 2021. Miaka miwili! Kisha ukichelewa, ngazi inakatika. Mwenye 6.5 hawezi kuruka moja kwa moja hadi 8, na 9 haipandwi ila kutoka 8. Toleo la 7 nalo liliishiwa na huduma ya kawaida tarehe 2 Oktoba 2025.

Wengine watasema leseni ni ghali tangu Broadcom wainunue VMware Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu mwezi uliofuata. Nakubali, hilo linauma. Lakini hiyo ni sababu ya kupanga mapema zaidi: ama utenge bajeti upande, ama uhamie kwingine kama Proxmox. Kukaa tu si mpango.

Mpango wenyewe hauhitaji mzungu wa kuja na ndege:

1. Orodhesha kila kinachozungumza na vCenter: nakala rudufu, ufuatiliaji, hifadhi ya diski. Hakikisha kila kimoja kinalikubali toleo jipya. Kagua na seva, maana matoleo mapya huziacha prosesa kuukuu.

2. Kagua DNS. Jina litoe anwani, na anwani itoe jina. Saa za mashine zote zilingane.

3. Chukua nakala ya vCenter yenyewe kupitia ukurasa wake wa bandari ya 5480, uiweke nje ya mashine hiyo.

4. Pakua faili la usakinishaji mapema. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Ungekuwa unapakua gigabaiti kadhaa siku ile?

5. Anza na vCenter, ESXi zifuate. vCenter mpya hujengwa kando ya ile ya zamani, ikanakili data, kisha ya zamani ikazimwa. Usiifute! Mambo yakienda mrama, unazima mpya na kuwasha ya zamani. Andika kabisa: ikifika saa fulani hatujamaliza, tunarudi nyuma.

6. Kesho yake rudisha mashine moja kutoka kwenye nakala rudufu. Hatua hii ingetuokoa.

Fanya hayo Jumanne asubuhi, watu wakiwa macho na simu za watoa huduma zinapokelewa.

Sisi watu wa pwani tunalijua hili tangu zamani. Nahodha hupandisha chombo ufukweni kabla ya msimu, kikatiwa kalafati kingali kinaelea vizuri. Hangoji maji yamfike magotini katikati ya bahari ndipo aulize pamba iko wapi. Mbona kwenye seva tunajitia wajinga?

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, mkubwa akikwambia hakuna muda wa kupanga, mwombe kwa heshima aandike hivyo kwenye barua na atie sahihi. Utashangaa muda utakavyopatikana.

Haya, tuonane tena panapo majaliwa.