Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya dawa ya mgongo



Mama mmoja wa Mtaa wa Msimbazi ametuandikia kwamba mumewe alibeba magunia sokoni Kariakoo kwa miaka mingi, na sasa mgongo umemlaza. Shemeji yake aliyeko Muscat amewaambia kuwa ng'ambo kipo kifaa kinachopandikizwa mwilini na kupeleka mofini kwenye uti wa mgongo. Mama huyu anauliza mambo mawili: je, mofini si haramu? Na je, wauze kiwanja chao ili mgonjwa apelekwe India?

Tuanze na la kwanza. Mofini hutokana na afyuni, ambayo wazee wetu wa pwani waliiita kasumba. Heroini, yaani ule unga ulioharibu vijana wengi, ni ya ukoo huohuo. Ndiyo maana familia huingiwa na hofu zisikiapo jina lake. Hata hivyo, wanazuoni wengi wameiruhusu dawa ya namna hii pale tabibu mwaminifu anapoona hapana budi, kwa kipimo cha haja tu. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road wagonjwa wenye maumivu makali hupewa mofini ya kunywa. Aliyepumzishwa maumivu hupata usingizi, na hupata utulivu wa kusali.

La pili linahitaji maelezo. Mwaka 1979 matabibu wa Marekani walieleza kuwa mofini kidogo ikitiwa katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo ilituliza maumivu ya wagonjwa wa saratani. Hapo dawa hufika karibu na mishipa inayopeleka habari za maumivu, hata miligramu 1 hukadiriwa kufanya kazi ya miligramu 300 za kumeza. Kifaa chenyewe ni mfano wa kikopo bapa. Huwekwa chini ya ngozi ya tumbo, na mrija mwembamba hupeleka dawa mgongoni. Kila baada ya miezi michache hujazwa tena kwa sindano.

Hapo ndipo penye mzigo, mama yetu. Mkisharudi kutoka India, nani atakijaza? Dawa ikikatika ghafla, mwili huteseka. Ikizidi, pumzi hufifia hata kusimama. Vijidudu vyaweza kuingia, na uvimbe waweza kuota kwenye ncha ya mrija ukaubana uti. Tena mwili huizoea dawa, kipimo kikawa kinapandishwa. Kwa mgongo uliochoshwa na mizigo, ushahidi wa manufaa yake ya muda mrefu ni dhaifu. Wataalamu hukifanya kuwa njia ya mwisho.

Basi msiuze kiwanja. Mpelekeni mgonjwa hospitali apimwe, na ikibidi apewe rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hujificha ndani ya maumivu kama hayo, nacho hutibika. Homa, jasho la usiku na kukonda ni dalili zake. Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukimtoka bila kujua, msingoje kesho.

Yasipoonekana hayo, asilale mchana kutwa. Atembee, afundishwe mazoezi tiba, na wanawe wamtafutie kazi ya kukaa dukani badala ya kubeba. Kumhudumia mgonjwa ni ibada, na kuihifadhi mali ya watoto nako ni amana.

Allah (S.W.) amponye. Wallahu a'lam.