Mchi, baiskeli na mto: somo la nishati



Watoto wetu wa mwaka wa 7 na wa 8 wakifika kwenye somo la nishati, wanaandika katika daftari maneno mawili ya Kifaransa: énergie potentielle na énergie cinétique. Wamama wengi wakiyaona wanarudisha daftari na kusema: "Uliza mwalimu." Sisi walimu tunawaambia kwamba somo hili mnalo tayari, kwenye kinu.

Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Mama anayetwanga sombe anainua mchi. Mchi ukiwa juu, kabla ya kushuka, umetunza nishati kwa sababu umeinuliwa. Hiyo ndiyo potentielle. Kwa Kiswahili tuiite nishati tuli. Mchi ukishuka, kimo kinapungua na mwendo unaongezeka: nishati tuli inageuka kuwa nishati mwendo, ndiyo cinétique. Ukigonga majani, nishati inayaponda, inatoa mlio, na inaacha joto kidogo. Haikupotea, imegeuka tu. Mwanzo wake ni mkono wa mama, na mkono uliipata kwenye chakula.

Watoto wengi hukosa hapa: wakiulizwa kama mchi ulioinuliwa na kusimamishwa juu una nishati, wanajibu hauna, kwa kuwa hautembei. Mwulize mtoto: "Na nikiuachilia juu ya mguu wako?" Atasahihisha jibu mwenyewe.

Hesabu si ngumu. Kwa nishati tuli, chukua kilo za kitu, mara 10, mara kimo kwa mita. (Tunatumia 10 badala ya 9,8 ili hesabu iwe nyepesi.) Mchi wa kilo 3 ulioinuliwa mita 1 una jouli 30, ukiinuliwa nusu mita, jouli 15.

Kwa nishati mwendo, chukua nusu ya kilo, mara mwendo, mara mwendo tena. Baiskeli, mwendeshaji na bido ya mawese, jumla kilo 100, wakienda mita 3 kwa sekunde wana jouli 450. Wakienda mita 6 kwa sekunde wana jouli 1.800. Mwendo umeongezeka mara 2, nishati mara 4, na breki lazima izimalize zote. Kwa hiyo kijana mwenye mzigo afunge breki mapema kabla ya mteremko, au ashuke asukume.

Mto wetu nao unafanya vile vile. Kutoka Kindu mashua zinashuka hadi Ubundu, kisha zinasimama, maana kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko 7 ya Boyoma. Maji yaliyokuwa juu yanashuka kwa mwendo mkali. Mbele zaidi, kule Inga, maji ya mto huu huu yanazungusha mitambo ya umeme: Inga 1 tangu 1972, Inga 2 tangu 1982.

Tuna ombi moja. Nyumbani kwingi, jioni, msichana anatwanga na kaka yake anasoma. Mwisho wa mwaka wa 8 wote wawili watafanya TENASOSP, mtihani unaowaelekeza kwenye masomo ya mbele. Msichana asiyepewa saa ya kusoma anaweza kuambiwa kwamba sayansi si yake, wakati yeye ndiye aliyeshika mchi kila siku.

Wiki hii, wapeane zamu. Kaka atwange, dada akae na daftari, amweleze ni wakati gani nishati ni tuli na ni wakati gani ni mwendo. Kisha wabadilishane. Sombe itaiva, na wote wawili watakuwa wamejua somo.