Chenji anaijua, hesabu anakosa!

Wiki hii tuweke kando mapenzi, nina dukuduku langu.

Jumamosi nilikuwa gengeni kwa dada yangu, Manzese. Mteja kachukua vitu vya sh. 3,650, katoa noti ya 10,000. Mpwa wangu, yuko darasa la nne, ndiye aliyehudumia. "Hamsini, 3,700. Mia tatu, 4,000. Elfu sita, kumi!" Chapchap, chenji 6,350 mkononi.

Jioni nikafungua daftari lake. Nikakuta 10,000 kutoa 3,650. Hesabu ile ile! Kaandika 13,650, na mwalimu kamlima mkasi mwekundu.

"Ulifikaje hapa?" nikamwuliza.

"Mjomba, sifuri kutoa tano haiwezekani, nikageuza." Halafu kwa sauti ya chini: "Mimi hesabu siziwezi."

Jamani! Mtoto anayeshika genge zima?

Wala si yeye tu. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao wa mjini Recife, Brazili, juu ya watoto watano wauza bidhaa. Kwenye biashara watoto walipata asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu za aina hiyo hiyo zikiwa kavu, namba tupu, wakapata asilimia 37! Mmoja, muuza nazi, aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja 35. Akaenda tatu tatu: 105, 210, 315. Akaongeza moja, 350. Kichwa kinafanya kazi, ila darasani hakiulizwi.

Basi nikamwambia dogo, "Mteja kakupa kumi, wewe unamrudishia 13,650?" Akacheka hadi machozi. Nikamwandikia hatua zake mwenyewe: 50, 300, 6,000. Jumla 6,350. Kisha tukaivunja noti: elfu tisa, mia tisa, kumi kumi. Toa elfu 3, zinabaki 6. Toa mia 6, zinabaki 3. Toa kumi 5, zinabaki 5. Jibu lile lile!

"Kumbe kukopa ni kuvunja noti?" akashangaa. Ndiyo, baba!

Wewe mwenye mdogo wako nyumbani, na wewe ticha, kabla hujachora mkasi uliza kwanza: umefikaje hapa? Pengine njia anayo, hajapata wa kumsikiliza tu.

Tukutane wiki ijayo.