Baridi ya Mei na Jiko la Mkaa
Mwezi Mei unapoelekea ukingoni, Sydney hubadilika ndani ya saa chache: mtu hutoka asubuhi na shati jepesi, alasiri upepo wa kusini ukaingia kutoka upande wa Antaktika, akarudi nyumbani anatetemeka. Theluji yenyewe haianguki mjini. Mara inayotajwa katika kumbukumbu ni mwaka 1836. Huanguka Snowy Mountains, ulipo mlima Kosciuszko wenye mita 2,228, na mara mojamoja hufika Katoomba, safari ya saa mbili kwa treni. Hali ikiwa hivyo, mamlaka ya hali ya hewa huwaonya hata wafugaji wa kondoo, kwani mvua, upepo na baridi vikikutana huua mifugo. Mimi nawawazia ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Kenya walioko magharibi mwa jiji, Blacktown na Penrith, mbali na bahari, ambako usiku huwa baridi kuliko pwani, tena katika nyumba ambazo nyingi hazizuii baridi vizuri. Jamani, jiko la mkaa lisiingizwe ndani! Hewa yake ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Idara ya afya ya New South Wales hutoa onyo hilo, lakini mgeni asiyejua Kiingereza atalisikia kwa nani? Mwenyeji wake ampigie simu leo, amweleze kwa Kiswahili, na akiwa na blanketi la ziada, ampelekee.