Daktari Yuko Kwenye Kioo, Mlezi Yuko Wapi?

Nianze na sifa kabla ya lawama. Nchi hii tunayosomea imepiga hatua kubwa katika tiba mtandao, yaani kuonana na daktari kwa njia ya simu au kompyuta. Februari 2022 ilizinduliwa kule Riyadh hospitali ya mtandaoni ya Seha, ambayo tangu mwanzo iliunganishwa na hospitali zaidi ya 130, ili mgonjwa aliye mbali aonwe na bingwa bila kusafiri. Mwenye programu ya Sehhaty kwenye simu yake anaweza kuzungumza na daktari akiwa sebuleni, na namba 937 ya Wizara ya Afya inapokelewa usiku na mchana. Nani kati yetu asingependa kuyaona haya kwao?

Kwa mzee mwenye dimensia, ule ugonjwa wa kusahau ambao nyumbani wengi bado tunasema ni uzee tu, faida ni kubwa zaidi. Mtoe kwenye chumba alichokizoea, mpakie garini, mkalishe saa mbili kwenye zahanati iliyojaa watu, uone. Atachanganyikiwa, atapiga kelele, pengine atampiga anayemshika mkono. Kuonwa akiwa kitandani kwake ni nafuu kwa kila mtu. Kwa hiyo mimi sipingi tiba mtandao. Ninachouliza ni kimoja: huyo daktari anazungumza na nani?

Maana mgonjwa mwenyewe hawezi kujieleza. Atasema amekula kumbe hajala, amelala kumbe kazunguka nyumba usiku kucha. Wanaojibu ni watoto wake. Akaunti wanaishughulikia wao, lugha ni yao, na haki hiyo wanayo. Lakini tuseme kweli. Katika nyumba nyingi hapa Jeddah, anayemwogesha mzee, kumlisha na kumbadilisha nguo ni dada wa kazi, na miongoni mwao wako dada zetu wa Kenya na Uganda.

Hapa Sharafiya ninapokaa, mtaa wa zahanati, maduka ya simu na migahawa ya Wahindi wa Kerala, nakutana nao siku zao za mapumziko. Mmoja aliniambia hivi: "Kaka, mzee halali tangu wabadilishe dawa. Daktari anatokea kwenye simu, kijana wake anamwambia baba hajambo. Mimi nimesimama pale pale mlangoni, hakuna anayeniuliza." Kiarabu chake ni cha jikoni: lete, toa, osha, haraka. Hakina maneno ya kueleza kwamba mzee anaongea na watu ambao hawapo.

Jamani, hili si jambo dogo. Kwanza, dawa. Daktari anaongeza au kupunguza kwa kufuata anachoambiwa, na anayemwambia ni yule anayeonana na mzee jioni baada ya kazi. Pili, dharura. Dimensia kwa kawaida huenda polepole, miezi na miaka. Mzee akibadilika ghafla kwa saa au siku chache, huenda ni maambukizi ya mkojo, au kaishiwa maji kwa joto hili letu, au ni dawa yenyewe. Wa kwanza kuliona hilo ni aliye naye. Kama hajui kwamba hapo inapigwa 997 ya gari la wagonjwa, miadi ya wiki ijayo itamsaidia nani? Tatu, mlezi mwenyewe. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku. Mzee asiyelala hajui kanuni. Daktari asipouliza "usiku nani anakesha?", mlezi anachoka, na mlezi aliyechoka ni hatari kwake na kwa mgonjwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tena tusidhani kumshirikisha mlezi kunahitaji elimu kubwa. Mfano tunao kwetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6, wakakadiria kwamba asilimia 6.4 wana dimensia. Baadaye kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kikajaribiwa Tanzania na Nigeria, kinachomfaa hata asiyejua kusoma. Mzee anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Wahudumu wa afya wasio mabingwa walifundishwa kukitumia, na kisha kikaingizwa kwenye simu. Simu ilifaa kwa sababu chumbani palikuwa na mtu aliyefundishwa. Daktari wa kwenye kioo hawezi kunyoosha mkono akapanga njiti mezani.

Najua watakaosema: mambo ya familia ni siri, mfanyakazi asiyasikie. Siri gani hiyo, kwa mtu anayemvua mzee nguo na kumsafisha? Familia izungumze na daktari peke yake ikitaka. Kisha apewe mlezi dakika 10, akiwa na mkalimani, na jibu lake liandikwe kwenye faili.

Na sisi tusikae kulalamika tu. Napendekeza chama chetu kifanye mawili. Wenzetu wa udaktari na uuguzi waandae ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wa mambo ya kumweleza daktari: usingizi, chakula, maji, choo, kuanguka, dawa, tabia iliyobadilika, na lini kupiga 997. Wenye Kiarabu kizuri wajiorodheshe kutafsiri kwa simu, kwa ruhusa ya familia, mpaka hospitali zenyewe ziwe na wakalimani wa Kiswahili. Maana kazi hiyo ni yao, sisi tunashikilia tu.

Mashine nzuri zimeshanunuliwa. Kumwita aliyesimama mlangoni asogee mbele ya kamera hakuna gharama. Naomba kutoa hoja.