MLEVI ANAYETAKA KUACHA ASICHEKWE, APEWE MKUTANO

Ndugu wanaushirika, wazee, akina mama na vijana wa Lusahunga,

Siku ya malipo tulikuwa wote pale ghalani. Mwanachama mmoja, jina simtaji, alisimama mbele ya watu akasema, "Nimeamua kuacha pombe, naomba mnisaidie." Mlifanya nini? Mlicheka. Mmoja akapaza sauti, "Subiri jua lizame!" Na kweli, jua lilipozama kuna mtu alimnunulia lubisi, eti ampime. Jumatatu mke wake alikuja kuniuliza kama fedha za mavuno zimelipwa au bado.

Jambo hili nalipinga. Nalipinga kwa kalamu niliyojifunza kuishika ukubwani, katika darasa la watu wazima. Na ninayo haki ya kulipinga, maana mimi mwenyewe nilikuwa mlevi. Katibu wenu huyu alilala mtaroni, barabara ya Rusumo, malori yakimpita usiku kucha. Mnajua.

Wako wasemao dawa ya ulevi ni sheria. Sheria zipo! Sheria ya gongo ni ya mwaka 1966. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Je, walevi wamekwisha Lusahunga? Sheria humnyang'anya mtu chupa, haimnyang'anyi kiu.

Wako wasemao, "Ajikaze kiume." Huo ni ujinga. Ulevi uliokomaa ni maradhi. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Huyo aanzie zahanati, aseme kweli anakunywa kiasi gani. Tulifundishwa kuwa maadui zetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Pombe imewakusanya wote katika kibuyu kimoja, na sisi tunagombea mrija.

Wazee msinielewe vibaya. Sipigi vita kibuyu cha posa wala cha kilio. Nazungumza juu ya mtu ambaye hawezi kukiweka chini.

Mimi niliachaje? Nilikwenda Dar es Salaam kumuuguza dada yangu. Jirani yake akanipeleka kwenye mkutano wa kundi liitwalo Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Nilidhani nitahubiriwa. Wapi! Walikuwa watu wachache kwenye viti vya plastiki. Kila mmoja alisema jina lake moja tu, akasema pombe ilimfanyia nini na leo anajizuiaje. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza nikasema kweli bila kuulizwa deni la nani.

Waliniambia kundi hilo lilianza Marekani, mji wa Akron, mwaka 1935. Lilianzishwa na walevi wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari. Daktari! Kila mmoja alikuwa ameshindwa peke yake. Walipokaa wawili wakaweza. Hakuna kiingilio wala ada. Sharti ni moja: uwe na nia ya kuacha.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, halafu wakainuka kuchimba vyoo. Kama kikundi kilichimba vyoo, kitashindwaje kumshika mkono mtu mmoja?

Niliporudi hapa sikuwa na mtu wa kukaa naye. Wiki ya tatu nikanywa tena. Ndipo mzee mmoja, naye amechoka, akaniambia, "Mwanangu, tukae wawili." Tukakaa kila Jumapili jioni, miaka mingi, kwake chini ya mwembe. Mzee alifariki mwaka jana bila kuonja tone. Tangu tumzike nakaa peke yangu, na nasema wazi: kiu imeanza kunipigia hodi. Kwa hiyo siombi kwa ajili ya yule mliyemcheka tu. Naombea na nafsi yangu.

Natoa mapendekezo manne kwa Kamati na kwa kila mwanachama:

1. Kila Jumatano saa kumi jioni, chumba cha darasa la watu wazima kiwe cha wanaotaka kuacha. Wanawake pia, wapo, wanakunywa kwa kujificha.

2. Yanayosemwa mle yasitoke nje. Mimi nimejitaja mwenyewe. Mwingine yeyote asitajwe, wala asiandikwe kwenye daftari.

3. Ushirika uache kulipa vibarua wa shamba kwa pombe. Jasho la mtu lilipwe fedha.

4. Anayemnunulia pombe mtu aliyesema ameacha, aonywe hadharani kama mwizi wa mali ya watoto, maana ndivyo alivyo.

Jumatano hii nitakuwepo. Wakija kumi, vizuri. Akija mmoja, tutakuwa wawili, na wawili wanatosha kuanza. Asipokuja mtu nitakaa na kiti kitupu mpaka saa kumi na mbili, na Jumatano nyingine nitarudi.

Na wewe uliyecheka siku ile, njoo useme samahani. Yule bwana bado anaishi jirani yako.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi,
Lusahunga